Mbwa, Mbao za Kafi na Usalama wa Bahari: Maelezo Yetu kwa Wananchi wa Pwani ya Mpakani

(Hotuba ya ofisi ya uhusiano wa polisi na jamii, iliyotolewa mbele ya mkutano wa wananchi katika kijiji kimoja cha pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado)

 

Tunawashukuru kwa kuacha kazi zenu asubuhi hii mkaja kutusikiliza. Tunajua kwamba maji yamekwisha kupwa, na kwamba mwanamke aliyeketi hapa sasa amekosa saa zake za kuokota chaza mwambani. Kwa hiyo hatutawazungusha. Tumekuja kwa jambo moja: kuwaeleza yaliyotokea siku ile ya matembezi ya mbao za kafi na mbwa, kukiri kosa tulilolifanya, na kusema nanyi juu ya bahari kwa namna ambayo ilitupasa kusema kabla ya siku ile, wala si baada yake.

Wako ambao hawakuwapo, na wako waliosikia habari hii ikiwa imekwisha kukuzwa njiani. Tuianze mwanzo.

Ilikuwa wakati wa maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, bahari imetulia kama maji ya mtungini. Kikundi cha wageni na baadhi ya wafanyakazi wa mjini kiliomba ruhusa ya kufanya matembezi majini kwa mbao za kafi. Ubao wa kafi ni ubao mpana unaoelea. Mtu husimama juu yake na kujisukuma kwa kafi ndefu, kama vile wazee wetu wanavyosimama mtumbwini wakisukuma kwa pondo. Mchezo huo umetoka katika visiwa vya Hawaii na sasa umeenea duniani. Waongozaji walikuwa watatu, na wawili kati yao ni vijana wa pwani hii hii. Pamoja nao walikuwa mbwa wanne waliozoezwa kuketi ubaoni kwa utulivu wakati mtu anapopiga kafi.

Hapo ndipo kosa letu lilipoingia. Karatasi ya maelezo tuliyoletewa iliandikwa kwa Kiingereza, na katika lugha hiyo jina waliloitwa mbwa wale hubeba maana mbili. Huweza kuwa mbwa wanaookoa watu, na huweza kuwa mbwa waliookolewa wao wenyewe: mbwa koko waliookotwa barabarani wakiwa na njaa na vidonda, wakatunzwa, wakachanjwa na kupata makao. Mbwa wale wanne walikuwa wa namna hii ya pili. Walikuwa wapole, walizoea watu, na hawakuwa na ujuzi mwingine wowote. Sisi hatukuuliza. Tuliandika tangazo letu kwa Kiswahili, tukalibandika sokoni, dukani na karibu na kisima, nalo lilisema hivi: mbwa waokoaji watakuwapo.

Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tulijikwaa kalamu, na kalamu ya polisi ikijikwaa, anayeumia ni mwingine.

Mama aliyesoma tangazo lile alielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa. Alielewa kwamba siku ile bahari ina walinzi. Watoto walielewa zaidi. Walikwisha sikia habari za mbwa wanaoruka majini na kumtoa mtu anayezama, nao walitaka kumwona mmoja akifanya kazi hiyo. Mbao zilipoondoka ufukweni, mbwa mmoja wa manjano mwenye sikio lililopasuka aliketi mbele ya ubao kama nahodha, na watu wote walicheka kwa furaha. Watoto waliwafuata kwa miguu juu ya mwamba, maji yakiwa magotini, kisha mapajani.

Mtoto mmoja wa kiume, wa umri wa miaka kama tisa, hakurudi wenzake waliporudi. Alifika pale mlangoni, mwamba unapokatika na mkondo unapotokea kwenda nje. Maji yalikuwa yamekwisha kuanza kupwa. Hatua moja ilikuwa mwamba, na hatua iliyofuata haikuwa na kitu.

Sisi tulikuwa ufukweni, askari wawili. Mashua yetu haikuwapo, kwa sababu injini yake ilikuwa ikitengenezwa, nasi tuliona kwamba kwa siku tulivu kama ile haitahitajika. Wageni walikuwa mbele, wameelekeza migongo yao huku. Mtoto yule hakupiga kelele hata moja. Mbwa mwenye sikio lililopasuka aligeuka akabweka kuelekea nyuma. Ndilo alilofanya, wala hakufundishwa zaidi ya hilo. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akirudi na mtumbwi wake kutoka kutega, alisikia mbwa akibweka, akatazama anakotazama mbwa, akaona kichwa kinazama na kuibuka. Hakujitupa majini. Aliuelekeza mtumbwi, akanyoosha pondo lake, na mtoto akalishika.

Mtoto yule ni mzima, naye yumo humu mkutanoni. Hatutamtaja jina wala hatutamwonyesha kwa kidole, kwa maana hana kosa. Tulipomwuliza kwa nini alikwenda mbali vile, alitujibu kwa adabu: «Nilijua mbwa atanifuata.» Mama yake alituambia neno ambalo hatujalisahau: «Mimi nilimwacha kwa sababu karatasi yenu ilisema.»

Mama, ulikuwa na haki ya kuamini karatasi yetu. Kosa lilikuwa letu, nasi tunaomba radhi mbele ya mkutano huu: kwako, kwa baba wa mtoto, na kwa kijiji chote. Na wewe mzee wetu mvuvi, uliyekataa kupokea chochote, ukatuuliza tu, «Nani atawaambia watoto?», tumekuja kufanya hilo uliloliuliza.

Basi watoto, na tuwaambie kwanza habari ya mbwa wa kweli wanaookoa watu majini, ili msidhani kwamba mliyoyasikia ni uongo. Wapo. Katika nchi ya Italia kuna shule ya mbwa hao, iliyoanzishwa mwaka 1989 na bwana mmoja aitwaye Ferruccio Pilenga. Mwaka 2021, katika ufukwe wa Sperlonga, mbwa watatu na waongozi wao waliwatoa majini watu zaidi ya 10, watoto wakiwamo, waliokuwa wamechukuliwa na upepo na mawimbi. Wengi wa mbwa wa kazi hiyo ni wakubwa, wenye nguvu na manyoya mazito. Lakini sikilizeni jinsi wanavyofanya kazi. Mbwa huvalishwa mkanda wenye mshikio. Hufunzwa kwa muda mrefu, siku baada ya siku, pamoja na mtu mmoja anayemjua. Anaporuka majini, mtu yule huruka pamoja naye. Mtu ndiye anayemshika anayezama, na mbwa ndiye anayewavuta wote kurudi pwani. Mbwa peke yake bila mwongozi wake si mwokozi.

Nasi tunao mfano wa karibu zaidi, unaotuhusu watu wa pande zote mbili za Mto Ruvuma. Mjini Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Panya hao waliletwa Msumbiji, wakafanya kazi pamoja na mashine na watu wenye vifaa vya kutambua chuma, hata mwezi Septemba 2015 nchi hii ikatangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Panya mmoja mdogo alipita pale ambapo mguu wa mtu haukuthubutu. Lakini hakuna aliyechukua panya yeyote wa ghalani akamwambia, nenda ukatafute bomu. Mnyama huwa msaidizi baada ya kufundishwa, naye hubaki msaidizi akiwa mkononi mwa aliyefundishwa.

Kwa kuwa tumetaja mabomu, tuseme na hili, maana vita vya miaka hii vimeacha vitu vingine vipya. Mtoto akiona chuma asichokijua porini, shambani au ufukweni, asikiguse wala asikirushie jiwe. Arudi kwa njia ile ile aliyoijia, amwambie mkubwa, na mkubwa atuambie sisi.

Turudi kwa mbwa. Tunawaambia wazi: ofisi yetu haina mbwa hata mmoja aliyefundishwa kuokoa watu majini. Siku tukimpata, tutamleta hapa na mwongozi wake, mtamwona akifanya kazi mbele ya macho yenu. Kabla ya siku hiyo, mkiona mbwa juu ya ubao, jueni kwamba ni abiria kama abiria mwingine.

Tunajua pia kwamba kuna waliofunga milango yao asubuhi ile walipoona polisi na mbwa pamoja. Mzee mmoja alitutuma kijana kutuuliza, «Mmemleta mbwa kumtafuta nani?» Hatukulichukulia swali lile kuwa la dharau. Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia, na yale ya Machi 2021 kule Palma, watu wa pwani hii wameona vitu vingi vikija asubuhi bila kubisha hodi. Mtu aliyekimbia nyumba yake usiku hawezi kulaumiwa kwa kuogopa mbwa mchana. Ilitupasa kuja kwanza kwa wazee, kukaa, kunywa maji, na kusema: siku fulani watakuja watu fulani na wanyama fulani, na makusudi yao ni haya. Hatukufanya hivyo. Tangazo lililobandikwa ukutani si mazungumzo.

Liko pia jambo la dini. Wengi wenu ni Waislamu, na madhehebu mnayoyafuata yana hukumu zake juu ya mate ya mbwa na namna ya kujitoharisha. Sisi si watu wa kutoa fatwa. Mashehe wetu wapo hapa, nao ndio wa kuulizwa. Wao wenyewe wametukumbusha kwamba yapo masimulizi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alimnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kumwonea huruma mnyama ni jambo moja, na kulazimishwa kumgusa ni jambo jingine. Kwa hiyo tumewaambia waongozaji wa matembezi kwamba mbwa wao wasipite njia ya msikitini, wasiachwe huru karibu na kisima, wala wasimkaribie mtu asiyetaka.

Na ninyi watoto, mbwa mpole wa wageni asiwafanye mkadhani kila mbwa ni mpole. Kichaa cha mbwa kingali kikiua katika nchi zetu, na dalili zake zikishaonekana kwa mtu hakuna tena dawa ya kumponya. Mbwa akikuuma au kukukwaruza, hata kidogo, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitali siku ile ile upate chanjo. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Wazazi, msimgombeze mtoto anayeleta habari hiyo.

Sasa tuje kwenye bahari yenyewe. Mtasema, polisi wanakuja kuwafundisha wavuvi bahari? Hatujasahau adabu zetu kiasi hicho. Mengi ya tutakayosema tumeyapata kwa wavuvi wenu, tukayakusanya ili yawafikie wale ambao hawakukulia chomboni. Wako wengi sasa. Miaka ya kukimbia imewaleta pwani watu wa bara, watu wa mashamba ya Mueda na Nangade, ambao watoto wao wanaiona bahari kwa mara ya kwanza. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

La kwanza ni kupwa na kujaa. Maji hupwa kwa muda wa saa kama 6 na hujaa kwa muda kama huo, lakini hayaendi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huenda polepole, na mtu hudhani ana nafasi. Katika saa ya tatu na ya nne hupita karibu nusu ya maji yote, na hapo ndipo mkondo wa milangoni huwa na nguvu ya kumshinda mwogeleaji hodari. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu hizo huzidi. Mtoto wetu aliingia maji yakiwa yameanza tu kupwa. Angechelewa saa 2 zaidi, pondo la mzee lisingemfikia.

La pili ni upepo. Asubuhi mapema umande huvuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Ukiwa ufukweni unauona kama pepeo tu, na karibu na pwani maji yanalala kama kioo, kwa sababu mawimbi huanza mbali. Mtu aliyesimama juu ya ubao ni kama tanga: upepo humsukuma nje bila yeye kujua, na anapogeuka kurudi huona kwamba kila kafi moja inampeleka mbele na upepo unamrudisha nyuma mara mbili.

La tatu ni mkondo mkubwa. Mkondo utokao mashariki ukiivuka bahari hii kuu hufika pwani ya Afrika karibu na rasi hii yetu ya Cabo Delgado, na hapo hugawanyika, sehemu ikienda kaskazini kuelekea Tanzania na sehemu ikienda kusini kuelekea mlango wa Msumbiji. Chombo kilichoshindwa injini nje ya mwamba hakikai kikamngoja mwenyewe.

La nne ni mdomo wa Ruvuma. Huko kuna mamba na viboko, maji ni ya tope na mkondo hubadilisha mafungu ya mchanga kila msimu. Mbao za kafi haziruhusiwi kufika huko, na hatutatoa kibali hata kwa mtu anayesema ana uzoefu.

Vijana wetu wanaotaka kazi ya kuongoza wageni, kazi hii ni ya halali na yenye heshima, nasi tungependa mwifanye. Lakini mshike haya. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, alifunge, wala asiliweke ubaoni kama mto wa kukalia. Ubao ufungwe mguuni kwa kamba yake. Mtu akichoka au upepo ukimzidi, alale kifudifudi juu ya ubao na kupiga maji kwa mikono. Asiuache ubao akajaribu kuogelea, kwa maana ubao unaelea na yeye hachelewi kuchoka. Mwongozaji mmoja awe mbele na mwingine awe nyuma, na wa nyuma ndiye awe mjuzi zaidi. Siku ile hapakuwa na mtu wa nyuma.

Watoto na wazazi, jueni dalili za mtu anayezama. Tumezoea msemo kwamba mfa maji haishi kutapatapa, nasi tunangoja kuona kutapatapa na kusikia mayowe. Mara nyingi hakuna mayowe. Anayezama hutafuta pumzi, wala hana pumzi ya kupigia kelele. Kichwa huinuka na kushuka, mdomo uko sawa na maji, mikono haipungi bali huyakandamiza maji. Chini ya dakika moja huenda akatoweka. Kwa hiyo anayeangalia watoto majini aangalie kwa macho, asitegemee masikio.

Ukimwona mtu katika hali hiyo, usijitupe kwanza. Wengi hufa wawili wawili kwa njia hiyo, ndugu akimfuata ndugu. Fanya kama alivyofanya mzee wetu: nyoosha pondo, kafi, tawi au kitambaa. Kama yuko mbali, mtupie kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 20, likifungwa kifuniko chake vizuri, humwelesha mtu mzima, na kila nyumba hapa ina dumu. Lifungeni kamba ndefu, liacheni chini ya mti pale ufukweni, wala mtu asilichotee maji.

Akitolewa majini naye hapumui, msimning'inize kichwa chini wala msimkande tumbo. Mlazeni chali, inueni kidevu chake, mzibeni pua na kumpulizia pumzi mdomoni mara 5, kisha mkandamize kifua katikati kwa nguvu mara 30, mumpulizie mara 2, na kuendelea hivyo bila kuchoka mpaka apumue au msaada ufike. Baada ya hotuba hii mwuguzi tuliyekuja naye atawaonyesha, na tunaomba akina mama wawe wa kwanza, kwa kuwa wao ndio walio karibu na watoto.

Ndugu wananchi, Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani kote katika mwaka 2021. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kufa maji. Lakini kwetu hesabu hiyo ina majina. Mwezi Oktoba 2020, watu waliokuwa wakikimbia vita kwa bahari kwenda Pemba walizama, wakafa makumi yao, kule kwenye visiwa vya Quirimbas. Na tarehe 7 Aprili 2024, katika jimbo jirani la Nampula, chombo cha kuvulia samaki kiliwachukua watu wapatao 130 kutoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Walikuwa wakikimbia uvumi wa kipindupindu. Zaidi ya watu 90 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto.

Tuliangalie jambo hilo la Lunga kwa makini. Watu wale hawakuuawa na kipindupindu. Waliondoka kwa sababu ya maneno waliyoyaamini, wakapanda chombo ambacho hakikuumbwa kubeba watu, wakiwa wengi kuliko kinavyoweza. Uvumi uliwatia hofu nao wakaikimbilia bahari. Sisi hapa tuliandika neno lililotia imani isiyo na msingi, na mtoto akaiingia bahari. Hofu ya uongo na matumaini ya uongo, yote mawili huzamisha. Ndiyo maana hatukuliona tangazo lile kuwa kosa dogo la mwandishi.

Manahodha wetu, tunawasihi. Abiria mmoja wa ziada ana nauli yake, nasi tunajua nauli hiyo ni chakula. Lakini ukingo wa chombo ukikaribia maji kiasi cha kiganja, mwambie asubiri safari ya pili. Akikukasirikia, mlete kwetu atukasirikie sisi.

Sasa la mwisho, nalo ni la mpaka. Watu wa Palma na Quionga wana shangazi na wajomba Msimbati na Mtwara. Nyavu hukutana majini kabla ya serikali kukutana mezani. Mvuvi anapomwona mtu anazama upande wa pili, huenda akajiuliza: nikimwokoa, nitaulizwa nilikuwa nafanya nini huku? Tunalijibu hilo bila kificho. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika kifungu chake cha 98, unazitaka nchi ziwaagize manahodha wao kumsaidia yeyote aliye hatarini kupotea baharini. Anayezama haulizwi hati. Mtoe kwanza, mpe maji na nguo kavu, kisha utoe habari kwa kiongozi wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu, upande wowote ulioangukia. Tunawaomba tu msichelewe kutoa habari, kwa sababu chombo kisichojulikana katika maji haya hutiliwa shaka, na shaka nayo inaweza kuua.

Tunaondoka tukiacha ahadi nne, nanyi mtuulize kila tukija.

Kwanza, tangazo lolote la ofisi yetu litasomwa na watu watatu wa kijiji kabla ya kubandikwa: shehe au padri, mwalimu na mvuvi. Wasipolielewa sawasawa, litaandikwa upya.

Pili, hakuna matembezi ya majini yatakayoruhusiwa bila mitumbwi miwili ya wavuvi wa hapa, mmoja kila upande, nao walipwe na waandaaji kwa siku yao ya kazi. Mashua yetu ikiwa mbovu, matembezi yangoje.

Tatu, kwa idhini yenu, watoto watafundishwa kuelea na kuogelea, wavulana na wasichana, kila kundi kwa wakati wake. Wasichana watafundishwa na mwanamke, wakiwa na mavazi ya stara. Kaskazini ya Unguja wamefanya hivyo, wasichana wakajifunza wakiwa wamejifunika tangu kichwani hadi miguuni, na bahari haikuwakataa.

Nne, mbwa wakija tena, mtajua siku, idadi na kazi yao, na mtakuwa na haki ya kusema hapana.

Mtoto wetu yule amekwisha kuanza masomo yake. Jana jioni tulimwona katika maji ya kiunoni, amekumbatia dumu, miguu yake ikipiga maji, na mzee mvuvi amesimama kando yake na pondo mkononi. Mama yake alikuwa ameketi mchangani akimtazama, wala hakuondoa macho.

 Sasa tunakaa chini, ili na sisi tuwasikilize.